Kiduha, Mwizi wa Chini ya Ardhi: Somo kwa Wakulima wa Vilima vya Ziwa Victoria

Msafiri aondokaye Kisumu kwa barabara ya Busia huacha nyuma tambarare ya ziwa, na baada ya muda mfupi hupanda vilima vyenye mawe makubwa mpaka afike Maseno, mahali ambapo mstari wa ikweta hupita. Kando zote mbili za barabara ataona mashamba madogo madogo ya mahindi yanayopakana. Kama safari yake ni ya mwezi wa Juni, huenda akaona pia kati ya mahindi maua mengi ya rangi ya zambarau, yamesimama wima kana kwamba yamepandwa na mtu. Kwa mpita njia maua hayo ni pambo. Kwa mwenye shamba ni msiba, kwa maana huo ndio mmea uitwao kiduha, ambao Waluo huuita kayongo na Waluhya huuita oluyongo. Nao ukisha kuonekana, sehemu kubwa ya mavuno imekwisha kuliwa.

Kiduha hupatikana katika nchi zote za kando ya ziwa upande wa Kenya, tangu Busia na Siaya hadi Kisumu, Homa Bay na Migori, na katika vilima vya Vihiga pia. Hushambulia mahindi, mtama, wimbi, mpunga wa nchi kavu na miwa. Wako watu waliodhani kwamba shamba lenye kiduha limerogwa, kwa sababu mahindi hunyauka hali mvua imenyesha na jembe limefanya kazi yake. Lakini hapana uchawi hapo. Kiduha ni mmea wenye mbegu, mizizi na maua, na tabia zake zimechunguzwa kwa miaka mingi, hasa katika kituo cha utafiti cha Mbita kilicho ukingoni mwa ziwa. Mkulima asiyezijua tabia hizo huanza kupigana na adui vita vikiwa vimekwisha.

Jinsi kiduha kinavyoishi

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama chembe ya vumbi. Urefu wake ni kama theluthi moja ya milimita. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi. Mbegu hizo huanguka na kuchanganyika na udongo, na zaweza kukaa humo zikiwa hai kwa miaka 10, na pengine hata 20. Hazioti ovyo. Mbegu ndogo kiasi hicho haina akiba ya chakula, na ikiota mahali pasipo mzizi wa kunyonya hufa upesi. Kwa hiyo hulala udongoni ikingoja ishara.

Ishara yenyewe hutoka kwa mahindi. Mizizi ya mahindi hutoa ardhini kemikali fulani, kidogo mno, na mbegu ya kiduha iliyo karibu ikiisha kupata unyevu wa kutosha huihisi, ikaamka. Mwaka 1966 wataalamu wa Marekani walitambua kemikali ya kwanza ya namna hiyo katika mizizi ya pamba. Swali moja likabaki bila jibu kwa karibu miaka 40: mbona mmea utoe kitu cha kumwita adui wake? Jibu lilipatikana mwaka 2005, wataalamu wa Japani walipoonyesha kwamba kemikali hiyo ni wito kwa kuvu wadogo wa udongoni ambao huishi kwa urafiki na mizizi, na kuiletea fosforasi. Udongo ukikosa chakula, mmea huita kwa nguvu zaidi. Kiduha nacho husikia wito huo huo. Basi mahindi yaliapo njaa yakiomba msaada wa rafiki, mwizi naye husikia akaja.

Hapo ndipo mkulima wa vilimani apatapo hasara mara mbili. Mvua kubwa huteremsha udongo mzuri wa juu, na shamba dogo hulimwa kila msimu bila kupumzishwa, hata udongo ukakonda. Mahindi yaliyopandwa katika udongo uliokonda huita zaidi, na kiduha huamka kwa wingi. Kisha maji yale yale ya mvua huchukua mbegu za kiduha kutoka shamba la juu na kuzimwaga katika shamba la chini, hata jirani mwenye bidii akavuna matunda ya uzembe wa mwenzake.

Mbegu ikisha kuota, kijizizi chake hukua mpaka kiguse mzizi wa mahindi, kikajishikiza na kupenya ndani, kama kupe ashikavyo ngozi ya ng'ombe. Tangu siku hiyo hunyonya maji, madini na sukari ambayo mahindi yamejitengenezea. Kwa wiki kadhaa huishi chini ya ardhi bila kuonekana, na muda huo ndio wa madhara makubwa. Wakati wa palizi la kwanza mkulima haoni kitu, ila majani ya mahindi yamekuwa ya manjano na mashina yamedumaa. Baadaye machipukizi hutokea juu na maua hufunguka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kiduha ki mzizini.

Njia zilizojaribiwa

Njia ya kwanza ni kung'oa. Kung'oa kuna faida, lakini si ile ambayo watu wengi huifikiri. Kiduha king'olewacho kikiwa na maua kimekwisha kudhuru mahindi ya msimu ule. Faida ni kwamba hakitamwaga mbegu zake 50,000 kwa ajili ya misimu ijayo. Kwa hiyo yafaa king'olewe kabla mbegu hazijakomaa, kichomwe moto, wala kisitupwe kando ya shamba au katika shimo la mbolea, wala wasipewe ng'ombe.

Njia ya pili ni kubadilisha mazao. Mimea kama soya, karanga, pamba na alizeti yaweza kuamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuishi katika mizizi yake. Mbegu iliyoamshwa hivyo hufa. Samadi na mboji pia husaidia, kwa kuwa udongo ulioshiba hupunguza wito. Ugumu wake ni kwamba mwenye ekari moja hawezi kuacha kupanda mahindi misimu mingi mfululizo, naye ana watoto wa kulisha.

Wamarekani nao walipatwa na shida hii. Mwaka 1956 kiduha cha aina nyingine kiligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya majimbo ya Carolina. Serikali yao ikaweka karantini katika eneo lililoenea zaidi ya ekari laki nne, ikazuia mazao na mashine kutoka bila kukaguliwa, ikanyunyiza dawa, ikapiga udongoni hewa ya ethilini ambayo huamsha mbegu mahali pasipo zao la kunyonywa. Kazi hiyo ilichukua miongo mingi na fedha nyingi sana, na kiduha kikapungua mno. Ilithibitika hivyo kwamba mbegu ya kiduha yaweza kudanganywa ikaamka ili ife. Lakini mkulima wa Seme au wa Gwassi hana mtambo wa kupiga ethilini ardhini. Ilibidi upatikane udanganyifu ulio rahisi.

Huko Kibos, karibu na mji wa Kisumu, wataalamu hujaribu aina za mahindi katika ardhi ambayo mbegu za kiduha zimetiwa makusudi, ili waone ni zipi zinazostahimili. Mwaka 2005 ilitolewa mbegu ya mahindi iitwayo Ua Kayongo, iliyopakwa dawa ya kuua magugu ambayo mahindi hayo yenyewe huistahimili. Kiduha kishikapo mzizi wake hufa. Njia hiyo ni nzuri kwa mwenye fedha za kununua mbegu kila msimu. Atumiaye mbegu hizo hana budi kupanda maharage yake kwanza, au kunawa mikono vizuri baada ya kuzishika, kwa maana dawa iliyobaki vidoleni huua maharage.

Ugunduzi wa Mbita

Kituo cha Mbita kipo ufukoni mkabala wa kisiwa cha Rusinga. Ni tawi la ICIPE, shirika la kimataifa la kuchunguza wadudu lililoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, na tawi hilo sasa huitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa hapo, Dakta Zeyaur Khan, pamoja na wenzake wa Kenya na wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza, aliyekuwamo Profesa John Pickett, walianza uchunguzi ambao mwanzoni haukuhusu kiduha hata kidogo. Walikuwa wakimtafutia dawa funza wa mabua.

Funza huyo ni mtoto wa nondo. Nondo hutaga mayai juu ya majani ya mahindi wakati wa usiku, na funza watokao hutoboa bua na kula moyo wake. Aina moja ni ya Afrika tangu zamani. Nyingine ilitoka Asia, ikaonekana katika bara hili kwanza Malawi katika miaka ya 1930, kisha Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1950. Dawa za kunyunyiza ni ghali, na funza aliyekwisha kuingia ndani ya bua haipati dawa. Wataalamu wakatafuta mimea ambayo nondo huipenda kuliko mahindi, na mimea ambayo nondo huichukia. Walijaribu majani ya aina mamia.

Katika majani yapendwayo, bora lilikuwa nepia, ambalo wengine huliita majani ya tembo. Giza liingiapo, saa ile ile nondo wanapotafuta mahali pa kutaga, nepia hutoa harufu yake ya kuwavuta kwa wingi, kama mara mia kuliko mchana. Nondo hutaga humo. Lakini funza watobozapo bua la nepia hukutana na utomvu wa kunata, na wengi wao hufa. Kwa kufukuza, wataalamu walichagua desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, ambao ng'ombe huupenda. Walipoupanda kati ya mistari ya mahindi waliona kwamba nondo hutaga kidogo zaidi katika mahindi hayo.

Lakini waliona na jambo jingine ambalo hawakulitafuta. Udongo wa Mbita ulikuwa umejaa mbegu za kiduha, na mahali palipopandwa desmodiamu kiduha karibu hakikuonekana. Huenda mtu akadhani ni kivuli cha majani tu, au rutuba iliyoongezeka. Wataalamu hawakuridhika na kudhani. Walipitisha maji katika vyungu vyenye mizizi ya desmodiamu, kisha wakanywesha maji hayo mahindi yaliyopandwa katika vyungu vingine pamoja na mbegu za kiduha. Mahindi hayo hayakupata kivuli chochote cha desmodiamu, lakini kiduha kilipungua. Basi siri ilikuwa katika mizizi.

Siri yenyewe ni hii. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zaidi ya moja. Moja huamsha mbegu ya kiduha, nyingine huzuia kijizizi chake kisikue na kushika. Mbegu huamka kwa wito wa uongo, ikafa kabla ya kupata kitu cha kunyonya. Hivyo akiba ya mbegu iliyo udongoni hupungua msimu kwa msimu. Zaidi ya hayo, desmodiamu huongeza naitrojeni ardhini kama kunde zote zifanyavyo, hufunika udongo usikauke, na juu ya mteremko huzuia maji yasichukue udongo. Ugonjwa ni udongo wenye njaa, na dawa hii hulisha udongo papo hapo inapomwangamiza mwizi.

Njia hii iliitwa Sukuma na Vuta: desmodiamu humsukuma nondo kutoka katikati, nepia humvuta aende pembeni. Mwaka 1997 wakulima wa Suba na wa Trans Nzoia walianza kuijaribu katika mashamba yao wenyewe, na tangu hapo imeenea katika nchi za kando ya ziwa, na Uganda, Tanzania na Ethiopia.

Namna ya kupanda

Shamba lisizidi mita 50 kwa mita 50. Likiwa kubwa zaidi, harufu ya nepia haifiki katikati, na yafaa ligawanywe. Nepia hupandwa kwa mistari mitatu kuzunguka shamba lote, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 50 kati ya shina na shina. Kati ya nepia na mahindi iachwe nafasi ya mita 1. Vilimani mistari ya mahindi hukatiza mteremko, wala haishuki nao.

Mahindi hupandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo. Katikati ya kila mistari miwili ya mahindi huchorwa kwa fimbo mfereji mdogo wa kina cha sentimita 1 au 2. Mbegu za desmodiamu ni ndogo sana, kwa hiyo konzi moja huchanganywa na makonzi mawili ya mchanga mwembamba, kisha hunyunyizwa mferejini na kufunikwa kwa udongo kidogo. Kilo moja yatosha ekari. Asiyeweza kununua mbegu aweza kuomba vikonyo kwa jirani na kuvipanda mvua inyeshapo.

Palizi hufanywa wiki ya 3 na wiki ya 5. Hapo pana hatari: mche wa desmodiamu hufanana na gugu, na vibarua wasioujua huung'oa wote. Yafaa mwenye shamba aupalilie mwenyewe mara ya kwanza, au awaonyeshe watu wake mche huo kabla hawajashika jembe. Msimu wa pili kazi hupungua, kwa kuwa desmodiamu hubaki ardhini miaka mingi. Mkulima hulima mstari wa mahindi tu, na kuipunguza isipande juu ya mashina. Nepia hukatwa ikiwa na umri wa miezi 3, kwa kuanza na mstari ulio karibu na mahindi, ili mistari mingine iendelee kuvuta nondo.

Matatizo yaliyoonekana

Wakulima wenyewe ndio walioonyesha kasoro za kwanza. Akina mama waliuliza: maharage yatapandwa wapi, ikiwa nafasi yake imechukuliwa na desmodiamu? Swali hilo lilirudi Mbita, likachunguzwa, na ikaonekana kwamba maharage yaweza kupandwa katika mstari wa mahindi bila kuharibu kazi ya desmodiamu.

Tatizo la pili lilikuwa ugonjwa wa kudumaa, ambao umeharibu nepia nyingi magharibi mwa Kenya. Majani huwa madogo na ya manjano, na shina hufa. Ulijulikana kuwa huenezwa na mdudu mdogo arukaye, na kwa vikonyo vilivyoambukizwa. Kwa hiyo vikonyo visichukuliwe katika shina lenye dalili hizo. Kwa mahali penye jua kali, wataalamu walitafuta mimea inayostahimili ukame, wakachagua nyasi za brakiaria aina ya Mulato badala ya nepia, na desmodiamu ya jani la kijani badala ya ile ya jani la fedha. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi kutoka Marekani vilipoingia Kenya, mashamba ya Sukuma na Vuta yalionekana kushambuliwa kidogo kuliko mengine.

Tatizo la tatu halina dawa ya kitaalamu. Katika sehemu nyingi, baada ya mavuno, ng'ombe na mbuzi wa kijiji huachwa wazunguke popote. Watakula desmodiamu mpaka mizizi, na kazi ya mwaka mzima itapotea kwa siku moja. Hapo hapana budi majirani wakae pamoja na mzee wa mtaa wakapatane. Kadhalika, mtu akodishaye shamba kwa msimu mmoja tu hana sababu ya kupanda mmea wa miaka mingi. Ni heri wapatane na mwenye ardhi kwa muda mrefu zaidi.

Hesabu ya magunia

Kazi ya msimu wa kwanza ni nzito, mbegu huuzwa ghali, na sehemu ya shamba huchukuliwa na nepia. Ni haki mkulima aulize atapata nini. Katika mashamba yaliyopimwa, mahindi yaliyokuwa yakitoa kama tani 1 kwa hekta yalifika kama tani 3.5 kwa hekta. Kwa mwenye ekari moja ya ukubwa huo, hiyo ni tofauti kati ya magunia 4 na nusu na magunia zaidi ya 15, ya kilo 90 kila moja. Kwa magunia 4 na nusu mama wa nyumba huanza kununua unga dukani miezi mingi kabla ya mavuno mengine, na karo ya shule hungoja. Kwa magunia 15 jamaa hula, na huenda ikabaki kidogo ya kuuza. Juu ya hayo yako majani ya nepia na desmodiamu, ambayo hulisha ng'ombe wa maziwa au mbuzi nyumbani bila kumtuma mtoto kuwachunga, na samadi yao hurudi shambani.

Asiwepo mtu adhaniaye kwamba kiduha kitatoweka kwa msimu mmoja. Mbegu zilizolala miaka 15 hazimalizwi kwa mwaka. Mwenye kuanza na aanze na kipande kidogo, apalilie kwa uangalifu, alinganishe kipande hicho na shamba lake lote, na aitishe majirani waje kuona, hasa yule wa juu ya mteremko. Kwa maana mvua haijui mpaka, na shamba moja lililosafishwa chini ya kilima hujaa tena ikiwa kilima chote kimeachwa.